Njooni na majibu kabla ya sindano: barua ya wazi kwa viongozi wa Mtwara na Lindi

Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa ya Mtwara na Lindi, Waganga Wakuu wa Mikoa na Wilaya, Maafisa Elimu na Wakurugenzi wa Halmashauri,

Nawasalimu. Wengi wenu nina umri wa kuwazaa, ila cheo ni cheo, nami heshima yenu nawapa.

Nimefundisha shule ya msingi huku Newala kwa zaidi ya miaka 30 hadi nikastaafu, na sehemu kubwa ya miaka hiyo mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa afya. Wenzangu wanaijua kazi hiyo. Ndiye anayepokea vidonge vya minyoo, ndiye anayehesabu vichwa, ndiye anayejaza fomu, na ndiye anayegongewa mlango usiku mtoto akitapika.

Aprili 2018, chanjo ya HPV, ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, ilipoanza nchi nzima kwa wasichana wa miaka 14, mimi ndiye niliyewapanga mstari. Taarifa ilitufikia Jumanne; muuguzi akaja Alhamisi kwa pikipiki, kikasha cha chanjo kikining'inia begani. Tukatoa meza nje, chini ya mkorosho. Wasichana wakakunja mikono ya mashati. Mmoja wao, mwembamba, wa maswali kila siku, akanigeukia kabla hajakaa: "Mwalimu, hii ni ya nini?"

Nikamjibu: "Ni ya serikali. Kaa."

Akakaa. Mtoto wa watu ana adabu.

Jibu lile limenikwama kooni mpaka leo, kwa sababu la kweli nilikuwa nalo. Miaka miwili kabla ya siku hiyo nilimzika mdogo wangu, tumbo moja na mimi, kwa saratani ya mlango wa kizazi. Msibani tulisema "tumbo". Shehe aliambiwa tumbo, majirani tumbo, hata wanawe wakubwa waliambiwa tumbo. Ugonjwa ule umekaa pasipotajwa mbele za watu, na ukishasema kirusi chake huambukizwa kwa kujamiiana, ni kama umemfunua marehemu sanda.

Ulimwanza kwa damu kidogo baada ya kukutana na mumewe. Kisha maji yenye harufu. Akaenda zahanati mara tatu, na mara zote tatu akarudi na vidonge na dawa ya fangasi ya kuweka chini. Hakuna aliyemlaza kitandani akamwangalia kwa taa. Zahanati siitaji wala mtu simtaji. Mhudumu alikuwa peke yake na foleni ya watoto wenye homa. Mara ya nne tukafika hospitali, wakakata kinyama wakapima, wakasema Dar es Salaam. Tulipanda basi alfajiri. Alikalia nailoni, juu yake kanga iliyokunjwa mara nne. Somanga basi liliposimama, watu wakashuka kununua samaki, yeye akabaki ndani akaniomba nimkinge kwa kanga nyingine abadilishe. Marashi aliyojipaka siku ile siwezi kuyanusa tena. Pale Ocean Road, hospitali ya saratani, walimpokea, wakampa mionzi, lakini ugonjwa ulikwishakwenda mbali. Alikuwa na miaka 43.

Nayasema haya kwa mara ya kwanza hadharani, na wanawe nimewaomba ruhusa kwanza.

Sasa niwaambie yaliyofuata shuleni. Asubuhi ya kesho yake, baada ya siku ile ya sindano, walikuja kina mama watatu. Mmoja hakusubiri hata salamu: "Mwalimu, mmemfunga mwanangu kizazi?" Nikasema hapana. Akauliza: "Sasa ni ya nini?" Nikarudia yale niliyoyasoma kwenye karatasi, kwamba ni chanjo salama inayotolewa na Wizara. Mnajua mwenye hofu akisikia neno "salama" kabla hajaambiwa ni kitu gani, hofu yake hufanya nini.

Wakati ule dozi zilikuwa mbili, ya pili baada ya miezi 6. Hesabuni wenyewe: Aprili ongeza 6 ni Oktoba. Nani aliyeipanga kalenda ile bila kumuuliza mtu hata mmoja wa kusini? Oktoba huku korosho zinadondoka. Mtoto haonekani darasani, yuko shambani anaokota na bibi yake, na mzazi akisikia kwamba siku hiyo kuna sindano ambayo hakuielewa tangu ya kwanza, ana sababu mbili za kumbakiza nyumbani. Fomu yangu ya mara ya pili ilikuwa na nafasi nyingi wazi. Nikaandika "watoro". Hawakuwa watoro.

Ombi langu ni hili moja, mengine yote humu ni matawi yake: njooni na majibu kwanza, sindano ifuate.

Najua mtasema elimu ilitolewa. Gari la matangazo lilipita. Waheshimiwa, gari la matangazo haliulizwi swali.

Tena msiwaone wanaokataa kuwa ni wajinga. Watu wa huku wana kumbukumbu. Mwaka 2013 waliuliza kuhusu gesi ya Mtwara na bomba la kuipeleka Dar es Salaam, na namna walivyojibiwa wanaikumbuka vizuri sana. Januari 2021 walisikia kutoka kwa wakubwa wa nchi kwamba chanjo za korona si za kuaminiwa. Julai 28 mwaka huo huo Rais Samia akachanjwa Ikulu mbele ya kamera. Mimi nilifurahi, nami nikachanja. Lakini jirani yangu aliniuliza, "Mwalimu, tuamini ya Januari au ya Julai?" na lile ni swali la mtu mwenye akili timamu. Mkimletea huyo karatasi yenye neno "salama", atauliza tena.

Kwa hiyo majibu yawepo, na yawe ya kweli, hata yale yasiyopendeza. Nimekaa na muuguzi mmoja mvumilivu, nikasoma, nikauliza, na haya ndiyo ningemjibu yule msichana leo.

Kuna virusi vinavyoitwa HPV, aina zaidi ya 200. Karibu kila mtu anayekutana kimwili na mwenzake huvipata wakati fulani, mke kwa mume, aliye na ndoa ya heshima na asiye nayo. Wengi mwili huvifukuza wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili na hawajui hata kama vilipita. Kwa wachache, aina chache mbaya hubaki. Mbili kati ya hizo, namba 16 na 18, ndizo zinazosababisha saratani 7 katika kila 10 za mlango wa kizazi. Hazina haraka. Zinaweza kukaa miaka 15 hata 20 kabla uvimbe haujatokea, na mwenye upungufu wa kinga kwa sababu ya VVU humfikia mapema zaidi. Aliyegundua uhusiano huo ni daktari Mjerumani, Harald zur Hausen, katika miaka ya 1980, na mwaka 2008 akapewa Tuzo ya Nobeli. Hapa Tanzania wanawake zaidi ya 10,000 hupata saratani hii kila mwaka na zaidi ya 6,000 hufa nayo. Mdogo wangu alikuwa mmoja wa mwaka mmoja.

Kuhusu kufunga kizazi. Ndani ya chanjo hakuna kirusi kizima. Kuna ganda lake tu, la protini, halina mbegu ndani. Mojawapo ya chanjo hizi ganda lake huoteshwa kwa hamira, ukoo ule ule wa hamira tunayoumulia maandazi. Mwili unaliona ganda, unajifunza sura, siku kirusi chenyewe kikija unakijua. Kinachofunga kizazi ni saratani: mwanamke hukatwa mfuko wa uzazi mzima ili abaki hai, au huchomwa mionzi. Nimeliona hilo kwa macho yangu, na hili la sindano kufunga uzazi halijaonekana popote ilikochanjwa, tangu chanjo ya kwanza iidhinishwe mwaka 2006. Rwanda walianza 2011, wasichana wa kwanza kule sasa ni kina mama.

"Mbona mtoto wa miaka 9? Kwani anafanya nini huyo?" Hili ndilo linalowaudhi wazazi kuliko yote, na nyie mnalipita haraka kwa aibu. Mbona jibu lake liko shambani kwetu? Hakuna mkulima wa korosho anayesubiri maua yaoze kwa ubwiriunga ndipo akatafute salfa. Unapulizia mapema. Ukichelewa umepulizia gharama tu. Chanjo hii inazuia, haitibu. Mtu akishapata kirusi, haimwondolei. Kumchanja mtoto wa miaka 9 hakusemi lolote kuhusu tabia yake, kama salfa isivyosema lolote kuhusu tabia ya mkorosho.

"Zilikuwa mbili, sasa moja, mnatujaribia?" Hapa semeni wazi, maana ukweli wenyewe unatupa heshima. Shirika la Afya Duniani lilikubali dozi moja mwaka 2022 baada ya tafiti, na mmoja wa hizo ulifanyika Mwanza, kwa wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, kwa ridhaa ya wazazi wao. Ikaonekana kinga ya dozi moja inadumu. Kenya nako wakapata hivyo hivyo kwa wasichana wakubwa kidogo. Ndipo Aprili 2024 mkaja na dozi moja kwa wasichana wote wa miaka 9 hadi 14, zaidi ya milioni 5 nchi nzima. Nani aliyewaeleza wazazi wa Tandahimba au Liwale kwamba ushahidi ule ulitoka kwa mabinti wa nchi hii? Sisi tulisikia tu imepunguzwa, na kitu kinachopunguzwa bila maelezo watu hudhani kimekwisha au kilikuwa na kasoro.

"Na wavulana?" Hapo wazazi wana hoja, msiwazime. Mwanamume ndiye anayembebea mkewe kirusi. Australia wanawachanja wavulana tangu 2013, Uingereza tangu 2019. Huku wasichana wametangulizwa kwa sababu wao ndio wanaokufa, na chanjo duniani ilikuwa haba. Ni sababu nzuri. Isemwe tu kwamba ndiyo sababu, ili watu wasijitafutie nyingine.

Mkitaka kujua kukaa kimya kunagharimu nini, waulizeni Wajapani. Walikuwa wakichanja wasichana 7 katika 10. Mwaka 2013 zikatoka habari za mabinti waliougua baada ya sindano, magazeti yakashika, na serikali yao wala haikuizuia chanjo wala haikuitetea; iliacha tu kuihimiza. Waliochanja wakashuka hadi chini ya 1 katika 100. Uchunguzi ukafanyika, haukuonyesha kwamba chanjo ndiyo iliyowaumiza, lakini ilichukua mpaka Aprili 2022 serikali kurudi kusema "chanjeni". Miaka tisa, na wao ni watu wenye hospitali kila kona. Kule Uskoti, walioshikilia tangu 2008, wamewatazama wanawake waliochanjwa wakiwa na miaka 12 au 13 na hawajamkuta hata mmoja mwenye saratani hii.

Sasa, majibu hayo ayatoe nani? Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize kwa masikio mawili.

Huku kwetu msichana wa miaka 9 hadi 14 ana shule mbili. Moja ni yenu, ya ubao na kengele. Nyingine ni unyago. Likizo ya Juni na ya Desemba wali, yaani wasichana wanaochezwa, wanawekwa ndani, na yale wanayoambiwa na nyakanga, yule mama anayeongoza unyago, na makungwi wao hayafutiki hata wakiwa bibi. Mambo ya damu, ya mwili, ya mume, ya uzazi, yote yanafundishwa kule kwa nyimbo na kwa ishara. Wengine wenu mnauona unyago kuwa ndio adui, kwa sababu watoto wanachezwa wadogo mno na mengine wanayofundishwa hayaendani na umri wao. Hilo nami nimelipigia kelele nikiwa kazini na sijaacha. Lakini nyakanga akisema sindano ile inafunga kizazi, hakuna daktari atakayelifuta. Akisema inalinda kizazi, mmemaliza kazi. Mbona hamjawahi kumwita kwenye semina? Posho ya semina moja ya hotelini Mtwara mjini ingewakusanya manyakanga wa tarafa nzima chini ya mwembe, na chai juu.

Tena wao wana kipaji msichokuwa nacho. Mwaka 1952 na 1953 homa mpya ilipopiga nyanda hizi za Wamakonde, wazee hawakusubiri herufi za maabara. Walimwona mgonjwa amejikunja kwa maumivu ya viungo, wakaiita kwa jinsi walivyoiona, na leo madaktari wa dunia nzima wanaandika chikungunya, neno la Kimakonde. Watu hao hao mmewaletea ugonjwa wenye jina la herufi tatu za kigeni na mnashangaa haukuingia. Mpeni nyakanga ukweli wote, mkae kimya, kesho mtausikia kwenye ngoma.

Na masheikh, na mapadri, na walimu wa madrasa, hao mnawajua njia zao.

La pili katika majibu ni kina mama wenyewe. Mama anaponiuliza "mmemfanya nini mwanangu," nyuma yake kuna swali ambalo halisemi: na mimi je? Mnakuja na pikipiki kwa ajili ya binti, mama amekaa pale pale ana miaka 38, hajawahi kutazamwa hata siku moja, na chanjo hii imeshampita. Kipimo chake mnacho. Ni siki. Asidi ile ile ya siki ya kachumbari, asilimia 3 hadi 5, mhudumu anaipaka kwenye mlango wa kizazi, anasubiri dakika moja hivi, pakigeuka peupe anajua pana jambo. Pakiwa padogo, siku hiyo hiyo anaweza kupafanyia tibamgando, yaani kupagandisha kwa baridi kali, na mama akarudi nyumbani kupika. Mdogo wangu angefanyiwa hivyo miaka 10 kabla, pengine sasa hivi angekuwa ananigombeza kwa kuandika habari zake.

Kwa hiyo siku mnapoleta kikasha cha chanjo shuleni, leteni na siki zahanati. Binti achanjwe, mama apimwe, waondoke pamoja. Mwenye VVU ahimizwe zaidi, bila kutajwa mbele ya foleni. Mhudumu awe wa kike, pawe na pazia, pazia la kweli linalofika chini. Najua mtaniambia bajeti. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya kusini pale Somanga, hakukuwa na njia ya karibu ya gari kwenda Dar es Salaam. Nilimfikiria mtu aliyekuwa na tarehe ya mionzi wiki ile. Kilomita zaidi ya 550 kutoka Mtwara ndiyo bajeti yetu sisi, tunailipa wenyewe, kwa kuuza mashamba.

La mwisho ni wale ambao fomu yangu haikuwahi kuwaona. Aliyeacha shule darasa la nne. Aliyepewa mimba akiwa na miaka 13. Yule wa kazi za ndani pale Masasi, ambaye mama mwenye nyumba anamwita "msichana" na jina lake halijui vizuri. Hao wako kwenye hatari kuliko binti yangu mimi mwalimu, na hawasimami mstari wowote. Mtendaji wa kijiji anawajua, mhudumu wa afya wa jamii anawajua nyumba kwa nyumba. Waulizeni hao, na msije Oktoba.

Yule msichana mwembamba wa swali lile sasa ni mtu mzima. Nilikutana naye mwaka jana sokoni, amebeba mtoto mgongoni anayelia njaa. Nikamwambia, "Ulikuwa umeniuliza kitu." Hakukumbuka. Nikamweleza pale pale, katikati ya mafungu ya nyanya, ile sindano ilikuwa ya nini na shangazi yupi wanangu wamemkosa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, na mama yangu naye anaweza kupimwa? Wanapima siku gani?"

Nilishindwa kumjibu. Nilikwenda kuuliza kituoni, nikaambiwa nirudi wiki ijayo, mhusika yuko safari.

Siku gani, waheshimiwa? Ibandikeni mlangoni.

Mimi,
Mwalimu mstaafu,
Newala

Nimesahau jambo dogo. Wasichana waliozirai shuleni kwetu siku ile ya sindano, 2018, hawakuzirai kwa chanjo. Walisimama juani tangu saa mbili hadi saa sita, wengine wametoka kuchota maji bondeni alfajiri, tumboni hawana kitu, na wa kwanza alipoanguka kwa woga wengine wakamfuata. Kijiji kizima kilisema ni sindano. Wapikiwe uji kwanza, wakae kivulini, na baada ya kuchomwa wakae robo saa kabla ya kuruhusiwa. Mahindi mtapata kwa wazazi wenyewe, mkiwaomba.